Ipi ni Ipi

Mvua ya Greenock haina haraka. Ilianza Jumanne,
leo Ijumaa, bado inaandika juu ya vigae.
Nimepanda darini na tochi, pamba, spiriti,
na daftari lililobakiwa na kurasa sita.

Kibodi arobaini na moja. Marehemu mke wangu
aliziita "meno yako",
zilivyokaa rafuni safu juu ya safu
zikigeuka manjano kama ya mvuta kiko.

Nazijua kwa kugusa. Hii ya benki, kutoka Paisley,
vibonye vyake ni vya sumaku, havisemi kitu;
ni kama kuweka kidole juu ya maji.
Hii ya Kijerumani imezihamisha Z na Y:
ukiitaka zawadi, inakupa yawadi.
Hii ya shule ni mpira mtupu,
herufi zake zilichapwa juujuu, E imekwisha futika,
A inafuata; bado kidogo itaishiwa irabu.
Niliandika daftarini: *duni*. Kisha nikalikata neno.
Kuna watoto walijifunza majina yao pale.

Lakini hizi mbili. Hizi mbili zinanitoa jasho.
Zinafanana kama shilingi kwa ya pili:
uzito uleule (nimepima kwa mizani ya samaki),
waya uleule uliojisokota kama mkia wa nguruwe,
springi zilezile zinazopinda chini ya kidole
na kulia *tak!* kabla hujamaliza kukusudia.
Nimezigeuza kifudifudi.
Moja ina lebo: Machi, themanini na saba.
Nyingine ina gundi tu, alama ya mstatili,
kama ukuta ulioondolewa picha.
Nikaifungua hiyo kwa bisibisi, skrubu nne, moja ina kutu,
na ndani ya bamba la chuma, kwa penseli:
*E.R., usiku.*

Effie Rennie anakaa mlango wa tatu.
Alikuja na ndara, mwavuli umepinduka,
miaka themanini na miwili; nikazishusha jikoni.
Miaka kumi na tisa alisimama zamu ya usiku
akipandikiza springi, moja moja, kibodi baada ya kibodi;
hata sasa kidole gumba chake hakinyooki.
Sikumwambia habari ya penseli.
Niseme kweli: nilitaka kumjaribu.

Hakuzitazama. Alifumba macho,
akabonyeza kile kirefu cha chini,
mara moja huku, mara moja kule.

"Hii yangu," akasema, mkono juu ya ile yenye lebo.
"Hii ya Senga. Senga alikuwa na mkono mwepesi,
springi zake zinaimba. Zangu zinakaripia."

Nikafunua bamba, nikamwonyesha jina lake
ndani ya ile aliyoikana.
Nilikuwa, Mungu anisamehe, na furaha kidogo.

Alilitazama mpaka chai ikaota utando.
"Mwezi ule namuuguza mama," akasema.
"Senga alifanya zake, akafanya na zangu,
akaandika jina langu nisikatwe mshahara.
Sikujua aliandika kwa mkia huu kwenye R."

Na lebo, je? Machi, themanini na saba?
Akacheka. "Lebo! Tulibandika zilizobaki, popote,
Ijumaa, tunawahi basi."

Basi daftari langu limelala wazi karibu na sukari.
Mahali pa tarehe nimeweka alama ya kuuliza.
Mahali pa mtengenezaji nimeandika *Senga*,
nikanyamaza, kwa kuwa sikulijua jina la ukoo wake,
na Effie hakuwa tena wa kuulizwa:
ameivuta kibodi mapajani,
waya unaning'inia ukingoni mwa meza, haukuchomekwa popote,
naye anaandika.

Sikuchungulia; hapakuwa na cha kuchungulia.
Nilitega sikio tu.
Kile kirefu kililia mara tatu.
Maneno manne, basi.